Barafu za Matunda: Tujifunze Kabla ya Kuuza



Somo letu mara hii linahusu kitu ambacho wengi watasema ni cha watoto. Barafu. Si ile ya kuhifadhia samaki, bali ile ya ukwaju, ya ubuyu, ya embe na ya karakara, ambayo akina mama wengi wa huku Pwani huigandisha nyumbani na kuiuza mlangoni. Wako wanaoiita aiskrimu ingawa haina maziwa hata tone, na majirani zetu wa Tanzania husema pia lambalamba. Uiite utakavyo, ukipita karibu na shule saa saba mchana utawaona watoto wamejipanga, shilingi mkononi na jasho usoni.

Nimechagua somo hili kwa sababu ya mama mmoja. Sitamtaja jina wala mtaa, maana yaliyompata yangeweza kumpata yeyote kati yetu. Alinunua friza kuukuu kwa mkopo wa kikundi, na kwa barafu hizo akawa analipa karo ya binti yake wa sekondari, muhula baada ya muhula. Halafu ikaja mvua kubwa. Kwa muda wa siku mbili watoto saba wa mtaa ule wakashikwa na kuhara. Wazazi wakaulizana watoto wamekula nini, na wote wakataja mlango mmoja. Hakuna aliyefariki, lakini mmoja alilazwa siku nne akiwekewa maji kwa mshipa. Kufikia Ijumaa hakuna mtoto aliyebisha hodi pale tena. Nilipomtembelea nilimkuta ameketi kando ya friza iliyozimwa. Akaniambia, "Dadangu, sikumtakia mtoto wa mtu mabaya. Maji ni ya kisima, ndiyo, lakini si yanaingia kwenye friza? Nilijua ile baridi inaua kila kitu."

Hapo ndipo penye shida, na si yake peke yake. Nimeuliza vikundi vitatu tangu siku hiyo, na katika kila kikundi zaidi ya nusu walisema vivyo hivyo, kwamba friza huua vidudu.

Baridi hulaza, haiui

Moto na baridi hazifanyi kazi moja. Maji yakitokota, viini vya kuhara, vya kipindupindu na vya homa ya matumbo (ile tunayoita taifodi) hufa. Maji yakiganda, baadhi ya viini hufa, lakini vingi hulala tu. Vinakaa ndani ya barafu kama mtu aliyejifunika blanketi. Barafu ikiyeyuka mdomoni, vinaamka, na safari yao ya tumboni inaendelea. Ukali wa ukwaju na utamu wa sukari hauvimalizi pia, kwa hiyo usijitegemeze hapo.

Kisima cha yule mama kilikuwa kizuri miezi mingi. Lakini choo cha shimo cha jirani kiko hatua chache tu upande wa juu, na mvua ilipojaa ardhini ilibeba uchafu ikauingiza kisimani. Maji yalikuwa bado meupe. Macho hayawezi kuona vitu hivi, na ladha haisemi kitu.

Basi maji yachemshwe kwanza. Huku kwetu chini, yakishatokota kwa nguvu dakika moja inatosha. Walio milimani, kupita mita 2000 juu ya bahari, wayaache dakika tatu, kwa sababu huko maji hutokota kabla hayajawa moto sawasawa na ya Pwani. Kama kuni au makaa ni ghali, tumia dawa ya maji ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, halafu ngoja dakika thelathini. Tahadhari moja: dawa itiwe kwenye maji matupu, kabla ya tunda. Ukiitia ndani ya sharubati, matunda yenyewe huimaliza nguvu na vidudu vikabaki salama.

Sasa lile kosa ambalo hata wanaochemsha hulifanya. Mtu anachemsha maji vizuri, halafu ana haraka, anatupia vipande vya barafu ya dukani ili yapoe. Amerudi alikoanzia. Au anachota kwa kikombe kilichokuwa sakafuni. Maji yapoe yenyewe, ndani ya chombo chenye kifuniko, na yatolewe kwa kumimina au kwa ndoo yenye bomba, si kwa kuzamisha mkono.

Ubuyu una neno lake. Unga ule, au mbegu zilizo na unga wake, hutoka sokoni ambako umeshikwa na mikono mingi. Mimi huwashauri akina mama wamwagie maji yaliyotoka kutokota sasa hivi, wafunike, waache yapoe, ndipo wakoroge na kuchuja. Wengine watasema joto linapunguza vitamini C, na ubuyu ndio wenye hiyo vitamini kwa wingi. Ni kweli inapungua. Lakini mtoto anayehara hupoteza mengi zaidi ya hiyo vitamini. Embe na nanasi zioshwe kabla ya kumenywa, maana kisu hubeba uchafu wa ganda kikaupeleka kwenye nyama ya tunda. Ukwaju uchemshwe tu, hauna deni. Rangi, ukiona ni lazima, iwe ya chakula. Nimewahi kuona rangi ya mikeka katika barafu, na sijasahau.

Sharubati na ndugu zake

Tusimame hapa kidogo, kwa maana ni vizuri kujua kwamba barafu ya mlangoni kwako ina ukoo mkubwa duniani.

Sisi tunasema sharubati. Neno hilo tulilipata kwa Waarabu na Waajemi, kutokana na kitendo cha kunywa. Kutoka huko huko Waitalia wakapata sorbetto na Wafaransa sorbet, yaani maji ya matunda yaliyogandishwa. Kwa hiyo tajiri anayeletewa sorbet kwenye kibakuli cha kioo hotelini anakula ndugu wa barafu ya ukwaju. Na neno barafu lenyewe ni la Kiajemi, kwao maana yake ni theluji. Sisi hatukuwa na haja nalo sana hapa joto. Mwaka 1848 mmishonari Johannes Rebmann, aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, alipoona weupe juu ya Kilimanjaro, yule aliyemwongoza njia hakuwa na jina la kitu kile ila "baridi". Mabingwa wa Ulaya walibisha kwa miaka kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta!

Huko Uajemi, ambayo leo ni Iran, watu walijenga nyumba za udongo zenye paa refu la mviringo katikati ya jangwa, wakahifadhi barafu ya majira ya baridi hadi kiangazi. Mji wa Shiraz bado unajulikana kwa faloodeh, tambi nyembamba za wanga ndani ya sharubati iliyoganda ya marashi na ndimu. Faluda tunayoijua Mombasa ni ya maziwa na ilitufikia kwa njia ya India, lakini jina ni lile lile.

Kisiwa cha Sisilia, kusini mwa Italia, wana granita. Zamani watu walipanda mlima Etna wakakusanya theluji, wakaifukia mashimoni na kuishusha mjini wakati wa joto. Granita huwa ya limau, ya lozi au ya forosadi, na watu huila asubuhi pamoja na mkate mtamu wa mayai, kama sisi na chai na mahamri. Haigandishwi kuwa jiwe. Inakorogwa kila baada ya muda ili ibaki chembechembe.

Wajapani hukwangua bonge la barafu likawa kama pamba, wakamwagia maji matamu. Jambo hili si jipya: bibi mmoja wa ikulu ya huko, Sei Shonagon, aliliandika karibu mwaka 1000 katika orodha ya vitu vizuri. Mumbai wana gola, barafu iliyokwanguliwa na kushikizwa kwenye kijiti, na ladha inayopendwa sana inaitwa kala khatta, ambayo hutengenezwa kwa zambarau. Zambarau! Sisi tunaziacha zinadondoka chini zinapaka miguu rangi. Kisiwa cha Puerto Rico wana piragua, barafu iliyokwanguliwa ikasimamishwa kama piramidi, na mojawapo ya ladha zake ni ukwaju. Ukwaju huo asili yake ni Afrika, ingawa Waarabu waliuita tende ya India, na ni jina hilo lililosafiri ulimwenguni. Meksiko nao hula barafu ya ukwaju na pilipili, jambo litakaloeleweka na kila mtoto wa Pwani aliyekula embe bichi kwa chumvi na pilipili.

Nimeyataja haya si kwa mapambo tu. Shida ya maji iko kote. Barafu ya viwandani ya kupozea samaki na mizigo mara nyingi haitengenezwi kwa maji ya kunywa, na wachuuzi wengine huikwangua wakawauzia watu. Mwaka 2018 jimbo la Maharashtra, ambako ndiko Mumbai, liliagiza barafu isiyo ya kuliwa itiwe rangi ya buluu ili mnunuzi aitambue kwa macho. Ni wazo la busara. Sisi hatuna rangi hiyo, kwa hiyo kumbuka wewe mwenyewe: barafu ya samaki isiingie kwenye kikombe cha mtu.

Sukari kiasi gani?

Akina mama huniuliza kwa nini barafu ya fulani ni laini na yao inavunja meno. Jibu ni sukari. Maji matupu huganda yakawa jiwe. Sukari huyazuia yasishikane sana, na kadiri unavyoongeza ndivyo yanavyohitaji baridi zaidi kuganda. Ukizidisha, friza ya kawaida haitaweza na utauza uji. Kwa lita 10 za sharubati iliyo tayari, anza na kilo moja na nusu ya sukari. Onja ikiwa bado haijaganda: inafaa iwe tamu kupita unavyopenda kuinywa, kwa sababu ulimi uliopoa hausikii utamu vizuri. Embe ngowe lililoiva lina sukari yake, punguza. Ukwaju na mabungo ni makali, ongeza kidogo.

Ukitaka iwe kama ile ya Sisilia, mimina kwenye sinia pana, na kila nusu saa ikwangue kwa uma kutoka kandoni kwenda katikati. Mara nne au tano inatosha. Inauzwa kwa kijiko kwenye bilauri, na watu wazima wataipenda kuliko kunyonya.

Stima ikipotea, au kama huna friza

Kuna mama aliyeniambia, "Mimi sina friza, somo hili si langu." Ni lake. Chumvi ina siri: ukiichanganya na barafu iliyopondwa, mchanganyiko ule unakuwa baridi kupita barafu yenyewe, hadi kushuka chini ya nyuzi 15 pungufu ya sifuri. Chukua sehemu tatu za barafu iliyopondwa (hapa ile ya samaki inafaa, maana hailiwi) na sehemu moja ya chumvi ya mawe, kwa uzito. Weka ndani ya ndoo. Katikati simamisha mkebe wa chuma wenye sharubati na kifuniko kinachobana. Zungusha mkebe, na kila dakika chache ufungue ukoroge. Futa kifuniko vizuri kabla ya kufungua, tone moja la maji ya chumvi na ya samaki litaharibu kazi yote. Kwa mkebe mdogo, haifiki saa moja utaona imeanza kushikana.

Kuhusu kuiweka isiyeyuke, tunaweza kujifunza kwa mfanyabiashara mmoja wa Boston, Marekani, aliyeitwa Frederic Tudor. Mwaka 1833 alipeleka barafu ya ziwani hadi Calcutta, India, kwa meli ya matanga, safari ya miezi minne ikivuka ikweta mara mbili. Alipakia tani 180 hivi na zikafika kama 100. Hakuwa na mashine. Alikuwa na unga wa mbao. Nawe pia unaweza: tia sanduku dogo ndani ya kubwa, jaza nafasi iliyobaki kwa unga wa mbao mkavu kutoka kwa seremala, upana wa kiganja kila upande na chini pia, na mfuniko uwe mzito. Mama mmoja aliyefuata hivyo anatoka nyumbani saa nne na saa tisa bado anauza.

Stima ikipotea, usifungue friza kuchungulia. Friza iliyojaa hukaa baridi muda mrefu kuliko iliyo nusu, hivyo ziba nafasi kwa chupa za maji. Barafu ya maziwa au ya tui la nazi ikishayeyuka na kupata joto kwa saa kadhaa, mwaga. Najua inauma. Usiigandishe tena.

Vile vifuko

Wengi wetu tulijifunza kuuza kwenye vifuko virefu vya nailoni vilivyofungwa fundo, mtoto anauma pembe na kunyonya. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya namna hiyo imepigwa marufuku hapa Kenya, ile ya kubebea na ile bapa isiyo na mikono. Faini iliyowekwa ni kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, au vyote pamoja. Hakuna barafu ya shilingi kumi yenye thamani hiyo. Tanzania nao walifuata mwezi wa Juni 2019. Kuna wanaoendelea kwa siri, na nasikia vifuko hivyo huingia kwa njia za panya. Sitawahukumu, lakini sitawafundisha kufanya hivyo.

Hata bila sheria, kifuko kilikuwa na hila yake. Mkono uliopokea sarafu ndio uliokishika, na nje ya kifuko ndiko kulikoingia mdomoni. Pia mtaro wa shule ulikuwa umejaa navyo, mvua ikija maji yanasimama na mbu wanashukuru.

Njia iliyofaulu kwa vikundi ninavyovijua ni vikombe vidogo vigumu vinavyorudishwa. Mtoto anakula palepale na kuacha kikombe. Vioshwe kwa sabuni, visuuzwe kwa maji yaliyotiwa dawa, vikauke vimeinamishwa. Kijiti cha mbao kikisimamishwa katikati kabla ya kuganda, barafu hutoka nzima ukizamisha kikombe kidogo tu kwenye maji safi ya uvuguvugu. Inasimuliwa kwamba barafu ya kijiti ilianzia kwa mvulana wa miaka 11 huko Kalifonia, Frank Epperson, aliyesahau kinywaji chake nje usiku wa baridi wa mwaka 1905 na kijiti cha kukorogea kikiwa ndani. Alipokuwa mtu mzima aliandikisha uvumbuzi wake serikalini. Mtoto wako akisahau kitu nje, usimchape haraka!

Hesabu ya kweli

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Tuchukue mfano, na wewe uweke bei za kwako. Lita 10 hutoa vikombe 100 vya mililita 100. Kwa shilingi 10 kila kimoja, ni shilingi 1000, na mama anasema amepata elfu moja. Hebu tutoe. Ukwaju shilingi 250. Sukari kilo moja na nusu, 230. Maji 30. Makaa ya kuchemshia 70. Stima, 100. Jumla 680. Vikombe kumi havikuuzwa kwa pesa: viwili viliyeyuka, vitatu walikula watoto wa nyumbani, vitano ni deni la jirani. Kwa hiyo mkononi ziko 900, na faida ni 220. Toa 40 za kuweka kando kwa fundi wa friza, maana siku yake itafika. Zimebaki 180.

Ni pesa halali na si kidogo, lakini si elfu. Anayeuza kikombe hicho hicho kwa shilingi 5 ili amshinde mwenzake anapata 450 kwa gharama ya 680, yaani anawalipa watoto wale barafu yake. Afadhali kikombe kidogo kwa bei ndogo.

Usisahau pia cheti cha afya cha anayeshughulika na chakula, ambacho hupimwa upya kila miezi sita, na leseni ya kaunti. Mwendee afisa wa afya kabla hajakujia.

Yule mama niliyeanza naye alikaa miezi miwili bila kuuza. Tulikwenda naye kwa afisa wa afya, akapimwa, akapata cheti. Kikundi kilimkopesha vikombe 120. Siku aliyorudi alichemsha maji nje ya nyumba, mchana, mbele ya watu wote, na mama wa yule mtoto aliyelazwa alikuwa miongoni mwa waliosimama wakimtazama. Hakununua siku ile. Alikuja wiki ya tatu, akaonja kwanza yeye mwenyewe, ndipo akampa mtoto.

Kwa vikundi vitakavyosoma somo hili pamoja: kila mwenye kuuza aje na hesabu ya wiki yake moja, hata kama imeandikwa nyuma ya daftari la mtoto. Mmoja alete ndoo, mwingine chumvi ya mawe, mwingine ukwaju uliochemshwa. Na kabla ya kuanza, nendeni wote pamoja mkatazame kisima mnachochota, na mpime kwa hatua umbali wake na choo kilicho karibu.